Mkwe Kwenye Ukuta

Rispah Nabwile wa Bumula hakuwahi kumtazama mkwewe usoni. Kwetu Wabukusu, mama mkwe na mume wa binti yake hawaketi nyumba moja wala hawapeani mikono, na wakikutana njiani mmoja hujitosa shambani mpaka mwenzake apite. Derrick, fundi wa simu kule Matisi, Rispah alimjua kwa sauti na kwa viatu tu.

Mwaka jana Phelista, binti yake, aliugua ghafla akafariki. Alikuwa ameigiza katika filamu fupi iliyotengenezwa na Derrick, na mwezi huu ikatangazwa kwamba itaonyeshwa Kitale, kwenye ukuta mweupe ghorofani juu ya duka la vitambaa la Mamta. Derrick naye yumo, kifua wazi, anapasua kuni.

Hapo Wakoli, shemeji yake Rispah, akaja juu. Mimi ni jirani, nilikuwa pale nikichambua mboga.

"Ati uende kuangalia mkwe wako kifua wazi, mbele ya watu? Si hiyo ni kutuletea laana, bana."

"Naenda kuangalia mtoto wangu."

"Na huyo kijana akitokea?"

"Wacha atokee. Kwani atanisalimia kutoka kwa ukuta?"

Wakoli akaapa kwamba Rispah hatakanyaga tena kwenye matanga ya ukoo. Nilikasirika. Mila zote za ukoo ule Wakoli huzikumbuka siku mwanamke anapovaa viatu vya safari. Rispah akavaa vyake, nami nikamsindikiza.

Filamu ya kwanza ilimhusu bibi harusi wa Kihindi aliyeshusha ushungi usoni kila baba mkwe wake alipoingia.

"Huyu anaficha nini?" Rispah akauliza.

"Uso, mama," akajibu Mamta, aliyeketi nyuma yetu. "Mimi pia nilifunika wangu. Baba mkwe wangu alikufa bila kujua sura yangu."

"Kumbe hata nyinyi."

"Hata sisi."

Rispah akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi.

Kisha Phelista akatokea, mkubwa kuliko mlango, akimtania kwa Kibukusu mumewe ambaye bado hajaonekana na kucheka kile kicheko chake cha puani. Rispah alilia wala hakujifuta. Derrick alipoingia na kuni zake, watu wa kwetu waliacha ukuta wakamgeukia mama mkwe. Hakuinamisha kichwa. Alimtazama kijana yule usoni, akaona jinsi alivyomwangalia binti yake.

Taa zilipowashwa akauliza, "Yuko wapi?"

Alikuwa nje kwenye ngazi. Alisikia mama mkwe yumo ndani, akakosa filamu yake mwenyewe kwa heshima.

"Ionyesheni tena," Rispah akasema.

"Mama, Wakoli atasikia," mtu akanong'ona.

"Asikie." Akapigapiga kiti kilichokuwa kando yake. "Mwiteni aingie, akae hapa. Yeye pia amefiwa."