Sehemu ya Baba na Tabia za Waingereza

Naomba radhi kwanza kwa mwandiko wangu. Niliishia darasa la saba, na herufi zangu hulala upande kama migomba iliyopigwa na upepo. Ninaandika polepole pia, sentensi moja naifikiria asubuhi nzima nikipalilia mibuni. Mahali nilipokosea, someni kwa huruma.

Nikikumbuka mwaka ule tuliomngoja baba, kwanza hunijia harufu ya nyasi mbichi. Nyumbani kwetu Ijumbi sakafu ilitandikwa nyasi, na kila Jumamosi mimi ndiye niliyekwenda kuzikata rweya, ule uwanda ulio nje ya migomba, nikazitandaza upya. Juu ya nyasi hizo mama aliweka jani la mgomba, akamimina ndizi zilizopikwa na maharage, nasi tukakaa chini kulizunguka. Kila mtu alikuwa na upande wake. Upande wa baba ulitazama mlango. Alikuwa amejiandikisha kwenda kufungua kijiji kipya cha ujamaa, mbali, akasema atarudi kutuchukua mahindi yakikomaa. Mahindi yalikomaa mara mbili. Mama aliendelea kumega sehemu yake, akaifunga kwenye jani dogo na kuiweka upande ule. Asubuhi nilikula kiporo hicho kabla ya shule, peke yangu, maana sikuwa na ndugu na mama alitoka mapema kwenda shamba la kijiji. Subira yavuta heri, walisema majirani. Mimi niliona inavuta ukimya tu.

Shuleni, Mwalimu Leokadia alitufundisha Kiingereza. Siku moja alituambia kwamba katika lugha ile kila neno lina majirani wake, na huwezi kulihamishia kwa wengine upendavyo.

“Sisi mtu huacha tabia, kama anavyoacha mzigo njiani,” alisema. “Mwingereza huivunja. Na kabla ya hapo, huwa ameanguka ndani yake.”

“Kama shimo la kuivishia ndizi, mwalimu?” aliuliza Deo, aliyekaa nyuma yangu.

“Kama shimo. Na ikimchosha sana huipiga teke.”

Darasa zima lilicheka. Deo alisimama akapiga teke hewani, akaangusha daftari la jirani yake.

Kisha mwalimu akataka kila mmoja ataje tabia ya nyumbani kwao. Nilikuwa mtu wa kunyamaza, lakini siku ile nilisimama nikasema kwamba mama ana tabia ya kumtengea baba chakula kila jioni.

“Baba yake si ameshaoa hukohuko!” alisema Deo. “Mjomba wangu amemwona. Mke mpya na mtoto mgongoni.”

Walicheka tena. Mwalimu alipiga meza kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limekwisha kuingia masikioni mwangu. Nilikaa. Sikusikia kilichofuata hadi kengele.

Jioni ile nilipika mwenyewe. Nilimimina ndizi na kuzitandaza kwenye jani zima, hata upande wa baba, ili pasibaki nafasi. Mama alirudi, akanawa mikono, akatazama.

“Sehemu ya tata wako iko wapi?” aliuliza, maana kwetu baba huitwa tata.

“Sikuitenga, mama. Mwalimu amesema tabia huvunjwa.”

“Mwalimu wako ana mume?”

“Hana.”

“Basi asinifundishe.”

Nikamwambia alichosema Deo. Niliogopa atalia, au atanipiga. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alichukua kipande cha ndizi, akakishika bila kula.

“Najua tangu mavuno ya kahawa,” alisema.

“Sasa kwa nini ulikuwa unamtengea?”

“Nilikuwa nakutengea wewe, mwana wange. Ungeuona upande ule mtupu ungeniuliza, na mimi sikuwa na jibu.”

Tulikula kidogo. Hakuna aliyemaliza, na mama alikunja jani na mabaki yake akalitupa migombani. Asubuhi hapakuwa na kiporo, nikaenda shule na njaa, na njaa ile ndiyo iliyonionyesha kwamba baba hatarudi.

Siku hizi nimekuwa mtu mzima kidogo. Mama amehamia Kashozi kumuuguza bibi, na mimi nimebaki na mibuni. Zamani tulinyamaza wawili; sasa nanyamaza mmoja, na naona ule wa wawili ulikuwa na joto. Wapo wanaopita njiani wakanisalimu, nikaitikia kwa kichwa tu. Wazee wetu husema mazoea yana taabu. Sijui kama ukimya wangu ni wa kuacha, wa kuvunja au wa kupiga teke. Ninachojua ni kwamba mama alikaa na habari ile msimu mzima bila wa kumwambia, na mimi sitaki kuishi hivyo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, niandikie. Nieleze nyumbani kwenu ni nani aliyenyamaza kwa ajili yako, na ulijuaje. Nitajibu kila barua, ila nivumilie, nitachelewa.