Mama Colette Anataka Kilowati Zake

Saa moja asubuhi, Colette Kabongo anashusha mota iliyoungua kutoka kwenye baiskeli, anaiweka mlangoni mwa duka la vyuma hapa Likasi, kisha anaikalia. Wateja wanalazimika kumzunguka. Hiyo ndiyo kazi yake wiki hii, maana kazi yake ya kweli, kusaga mahindi ya bukari, yaani ugali, kule Shituru, imesimama.

"Sitoke hapa," anasema hata sijamaliza kumsalimia. "Batoto bangu batakula bukari ya nini?"

Mota yake ya zamani ilipochakaa, alifanya kama wafanyavyo wasagaji wote mjini hapa: aliagiza kwa namba tupu. Husikii mtu akitaja kipimo. Unaomba "sept et demi", saba na nusu, unalipa, unaondoka.

Ya zamani ilikuwa ya kilowati saba na nusu. Aliyouziwa ni ya nguvu farasi, "chevaux", saba na nusu, yaani kilowati tano na nusu tu. Kibao chake kilikuwa kimepakwa rangi palepale penye kipimo, namba ikaachwa ing'ae. Huo ni wizi, na sioni sababu ya kuuita jina lingine.

Magloire, fundi anayesuka upya nyaya za mota, ndiye aliyeikwangua rangi hiyo.

"Mama, mufuko wa mahindi ni ule ule," alimweleza. "Puissance ni kusema kazi ngapi inafanyika kwa kila segonde. Joule moja kwa segonde, njo wati moja. Hii mota iko na puissance kidogo, na weye unailazimisha kusaga mbio sawa na ile ya zamani. Njo maana iliungua."

Mwenye duka, Fidèle, hatikisiki. "Aliomba sept et demi, nilimupatia sept et demi," ananiambia huku akichezea simu.

Colette anaruka wima.

"Weye ulikuya kwangu! Uliona moteur ya zamani na macho yako!"

Fidèle anarudia simu yake. Mwenye kiwanja chenye mashine ya kusagia kule Shituru amempa mama huyu mpaka mwisho wa mwezi. Mashine isipozunguka, nafasi yake itapewa mwingine.

Mkulima mmoja, Théodore, anaingia kutafuta mota ya pampu. "Unipe ya trois," anasema, yaani ya tatu.

"Trois ya nini, papa?" Colette anamdaka. "Kilowatts ao chevaux? Kwangua ile rangi, uone."

Théodore anainama, anakwangua kwa ukucha, anasonya na kuondoka. Si wa kwanza leo.

Sasa Fidèle anaiweka simu chini. "Mama Colette, kuya ndani tusemezane. Nitakurudishia nusu ya franka zako."

"Nusu? Miye nataka moteur ya kilowatts saba na nusu, na weye mwenyewe utaifikisha Shituru. Kama hapana, kesho nakuya na bamama bote benye kusaga kwangu, kila mumoja na beseni yake ya mahindi. Utabasagia na meno yako."