Chuo Kimoja, Sahihi Tatu

Mwaka ule viazi vilikuwa vingi, na mawe yakawa mengi kuvizidi. Delphine Ouellette alikuwa na miaka kumi na saba, yuko darasa la mwisho la sekondari, na kwa wiki tatu mfululizo alisimama kulia kwangu juu ya mashine ya kuvunia ya baba yake. Huku kwetu Aroostook, juu kabisa ya Maine, shule hufungwa wakati wa mavuno. Mimi, Géralda Cyr, ndiye mtunza maktaba wa mji, lakini wiki hizo maktaba naifungua jioni tu. Mchana niko shambani kama watu wengine. Mashine inang'oa viazi, mkanda unavipandisha, na sisi tuliosimama kando tunaokota mawe na mabua kabla hayajaingia kwenye lori. Ni kazi ya mikono, mdomo unabaki huru. Ndiyo maana mambo mengi ya binti huyu niliyasikia pale, katikati ya vumbi na ngurumo.

Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya baba yake Normand na kicheko cha mama yake Colette, ambaye ni muuguzi hapa mjini. Alikuwa na tabia moja iliyomuudhi Clovis, mdogo wa baba yake, aliyekuwa akiendesha trekta. Kila jiwe la kumi hivi, badala ya kulitupa, Delphine alilifuta kwa kidole, akalitazama, akalitia mfukoni.

"Delphine!" Clovis alipiga kelele siku moja, shingo ameigeuza nyuma. "Tunavuna viazi au tunavuna mawe?"

"Hili limetoka Kanada, Baba mdogo! Barafu ya zamani ililisukuma mpaka hapa."

"Basi lirudishe kwao, halina pasipoti!"

Mkanda mzima tulicheka. Delphine naye alicheka, lakini jiwe lilikwenda mfukoni vilevile.

Sasa, vuli ile alikuwa na jambo zito la kuamua. Vyuo vyetu vingi vina mlango wa mapema. Mwanafunzi anachagua chuo kimoja tu, anapeleka maombi kabla ya tarehe mosi Novemba, na anatia sahihi kwamba wakimkubali atakwenda huko na si kwingine, na maombi mengine yote atayaondoa. Mzazi anatia sahihi, na mshauri wa wanafunzi shuleni anatia yake. Ni kama posa: ukishapeleka na kukubaliwa, huwezi tena kupita nyumba ya pili kuulizia. Faida yake ni kwamba chuo kinampenda anayekipenda, kwa hiyo nafasi ya kuingia huongezeka. Hasara yake nadhani unaiona mwenyewe.

Mwalimu Prouty, mshauri wa shule yetu, alikuwa amekwisha kumchagulia. Alitaka Delphine aombe Aldersey, chuo cha kale huko Massachusetts ambacho jina lake likitajwa watu hunyoosha mgongo. Hakuna mtoto wa mji wetu aliyewahi kuingia kule. Alama za Delphine zilitosha, na Mwalimu Prouty aliwaambia walimu wenzake, walimu wakawaambia wazazi, na kabla ya mavuno kuanza, habari ilikuwa imefika mpaka benki. Padre alimshika mkono mlangoni mwa kanisa akamwambia, "Tunakuombea, binti wa Aldersey." Delphine alisema asante. Angesema nini tena?

Chuo cha pili kiliitwa Tamarack Hill, kidogo, katika milima ya Vermont, na huku kwetu hakuna aliyekuwa amekisikia. Agosti Colette alimpeleka binti yake kuviona vyote viwili. Aldersey walitembezwa na kijana mmoja mcheshi aliyekuwa akitembea kinyumenyume, akiwaonyesha madirisha ambayo watu mashuhuri walilala nyuma yake. Delphine alipiga picha ishirini. Tamarack Hill walifika wamechelewa, kwa sababu gurudumu lilipasuka njiani, wakakuta ziara imekwisha na wahusika wamekwenda kula. Wakawa wanazunguka peke yao, mikono ya Colette bado myeusi kwa grisi, hadi wakaufikia mlango uliokuwa wazi katika jengo la elimu ya miamba. Ndani alikuwapo mama mmoja mwenye aproni ya mpira, akila mkate kwa mkono mmoja. Jina lake Winifred, na kazi yake ilikuwa kukata mawe kwa ajili ya wanafunzi.

"Mmepotea?" aliwauliza.

"Tumechelewa," alisema Colette.

"Na wewe, mfukoni una nini? Koti limelala upande mmoja."

Delphine akatoa jiwe la shambani kwao. Winifred aliweka mkate chini, akamvalisha miwani ya kazi, akaliweka jiwe kwenye msumeno wa maji. Nje lilikuwa la kijivu kama kiazi kilichooza. Lilipofunguka, ndani lilikuwa la rangi ya waridi, lenye mishipa myeupe na vijidoa vinavyometa. Walikaa pale saa mbili wakiulizana maswali.

Kisa hiki Delphine alinisimulia mara nne katika wiki tatu za mavuno. Mara ya nne nilijua mpaka aina ya jibini iliyokuwa kwenye mkate. Kuhusu Aldersey alinionyesha zile picha mara moja, tena nilipomwomba.

Mavuno yalipokwisha, akaanza kuja maktaba kila jioni kuandika insha. Vyuo hutaka mwanafunzi aeleze kwa nini anataka kuja kwao. Ile ya Aldersey aliiandika, akaifuta, akaiandika tena. Nilihesabu karatasi kwenye pipa la taka: alikuwa ameianza mara saba. Toleo la saba alinipa nisome. Lilikuwa safi, halina kosa hata moja, na lilinipa usingizi. Lilijaa "fursa" na "urithi" na "jamii yangu".

"Vipi?" aliniuliza.

"Kiingereza chako kizuri sana," nilisema.

"Bi Géralda, hivyo ndivyo anavyosema Mama mtu akipika kitu kibaya. 'Sahani zako nzuri sana.'"

Kazi yangu ni kuwapa watu vitabu, si kuwachagulia maisha, na mji mzima ulikuwa tayari umeshamchagulia vya kutosha. Nilimwambia tu apumzike, aandike kitu kingine chochote. Akavuta kiti, akaandika kwa muda wa dakika arobaini bila kuinua kichwa, akaniletea ukurasa mmoja. Ulikuwa juu ya kusimama kwenye mkanda, jinsi kila jiwe linavyopita mbele yako kwa sekunde tatu na unapaswa kuamua kama ni jiwe au kiazi, na jinsi yeye alivyoshindwa kuacha kujiuliza lilitoka wapi. Mwisho alikuwa amewaandikia Tamarack Hill kwamba angependa kujua jina la kila jiwe lililompita. Nilisoma mara mbili. Nilimrudishia nikasema, "Hii hata mwaka kesho nitaikumbuka."

Aliinamisha uso. "Ndiyo ninayoiogopa," alisema. "Si kuchagua kunakoniogopesha. Ni kwamba nikishachagua hiki, kile kinakufa. Na kile ndicho watu wanachokitaka."

"Watu gani?"

"Watu wote."

"Mimi ni mtu. Sijasema."

Siku nne kabla ya tarehe ya mwisho alikuja kuchapa fomu ya sahihi, na jina la chuo lilikuwa Aldersey. Niliichapa, nikamkunjia vizuri. Colette alikuwa amenialika chakula cha jioni, kwa hiyo yaliyofuata niliyaona kwa macho yangu.

Tulikula mchuzi wa kuku na ploye, zile chapati zetu za maji zenye matundu, tunazozipaka siagi tangu utotoni. Kuhusu gharama Colette alikuwa amekwisha kupiga hesabu, na vyuo vyote viwili vilikuja karibu sawa kwa familia yao, kwa hiyo hilo halikuwa la kuwaamulia. Sahani zilipoondolewa, Normand akanawa mikono mara mbili, kama anayekwenda kushika mtoto mchanga, akakaa na kalamu. Ni mtu wa maneno machache. Aliisoma fomu yote, hata maandishi madogo ya chini.

"Hapa inasema wakikukubali, basi."

"Ndiyo, Baba."

"Hakuna kubadili."

"Hakuna."

Aliishika kalamu juu ya karatasi, kisha akaiweka mezani. "Nikuulize jambo moja. Siku ile ya Desemba, ukifungua ukakuta wamesema ndiyo. Utaruka, au utapumua?"

Colette alisimama na taulo la vyombo mkononi, hakusogea.

"Nitapumua," Delphine alisema polepole. "Nitapumua kwa sababu sitakuwa nimewaangusha."

"Kumwangusha nani?"

"Mwalimu Prouty. Padre. Ninyi."

"Sisi?" Normand alimgeukia mkewe kwa mshangao wa kweli. "Colette, wewe ulisema unataka Aldersey?"

"Mimi? Nilinyamaza kwa sababu nilidhani wewe ndiye unayetaka!"

"Mimi sijui hata kiko upande gani wa barabara!"

Wakatazamana, na Colette akaanza kucheka mpaka akafuta macho kwa taulo la vyombo. Delphine hakucheka mara moja. Kwanza machozi yalimtoka, mengi, ya mtu aliyebeba gunia njia nzima na kumbe hakuna aliyelihitaji. Kisha akacheka naye, pua imemjaa, akasema, "Basi ni Tamarack Hill. Mungu wangu, ni Tamarack Hill." Asubuhi nilifungua maktaba saa moja kabla ya wakati nikamchapia fomu nyingine. Normand alitia sahihi akiwa amesimama, kalamu ikibonyeza karatasi hadi upande wa pili.

Ikabaki sahihi ya tatu. Delphine alikwenda peke yake ofisini kwa Mwalimu Prouty, na alinisimulia alasiri ileile.

Mwalimu alilisoma jina la chuo, akavua miwani. "Nimeshawaambia watu, Delphine."

"Najua, Mwalimu. Naomba radhi."

"Kule hawajawahi kuchukua mtoto wetu hata mmoja."

"Najua. Labda atakayekuja baada yangu atakipenda kweli. Mimi nilikuwa nakipenda kwa niaba yenu."

Mwalimu akaivaa miwani yake, akatia sahihi, akachukua barua ya sifa aliyokuwa ameiandika tangu Septemba akaitupa. "Ile nilikusifu mpaka ungedhani umekufa," alisema. "Nipe mpaka kesho. Nitaandika nyingine, ya mtu niliyemjua." Na kweli aliiandika, tena akaja mwenyewe maktaba kuniuliza habari ya mawe.

Maombi yalikwenda siku mbili kabla ya wakati. Mji ulinung'unika kidogo. Benki mtu mmoja alimuuliza Colette kama Tamarack Hill ni chuo au ni kambi ya kuteleza kwenye theluji. Clovis alidai kwamba sasa msichana atasomea kutupa mawe, kazi ambayo shambani alikuwa akiifanya bure. Lakini Delphine alitembea mwezi ule wa Novemba kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

Jibu lilikuja tarehe kumi na tano Desemba, saa kumi alasiri. Kwao mtandao ulikuwa umekatika kwa theluji, akaja maktaba na wazazi wake wote wawili, Normand akiwa na vumbi la ghala la viazi kwenye kofia. Walikaa mbele ya ile kompyuta ya karibu na dirisha. Niliendelea kupanga vitabu, au tuseme niliendelea kukishika kitabu kimoja.

Delphine hakupiga kelele. Alisimama, akaruka mara moja tu, juu kabisa, miguu yote miwili, mpaka taa ya meza ikatetemeka. Halafu akamgeukia baba yake. "Umeona?"

"Nimeona," alisema Normand, na ikabidi atoke nje kidogo kukung'uta kofia yake.

Jioni ileile aliondoa maombi aliyokuwa ameyapeleka pia chuo kikuu cha jimbo kama akiba, kama alivyoahidi kwa sahihi. Alibonyeza kitufe na akatulia. "Hapo ndipo nimesikia mlango," aliniambia. Haikuwa huzuni. Alisema ni kama kusikia mtu akifunga milango ya nyumba wakati wa baridi, ili ndani mpate joto.

Mwisho wa Agosti walimpeleka, mwendo wa saa saba. Chumbani alimkuta Ximena, msichana wa Arizona ambaye hakuwa amewahi kumiliki glavu, na Colette hakuondoka kabla ya kumwachia zake na kumfundisha kuvaa soksi mbili. Njiani kurudi, Normand anasema, hawakuwasha redio. Karibu na mpaka wa New Hampshire Colette alisema ana njaa, wakasimama wakala kome za kukaanga, na wakajikuta wanapanga kupaka rangi jikoni.

Jumatano Normand alikuja maktaba kurudisha vitabu vya binti yake, vyote vimechelewa. Aliniomba nimwonyeshe jinsi ya kupiga simu ya picha. Nikamwekea, akaishika mbele ya uso kwa mikono miwili, na Delphine akatokea, nywele zimelowa, nyuma yake watu wanapita wakicheka.

"Baba! Naona dari tu. Inamisha simu."

"Nimeinamisha."

"Sasa naona pua. Umekula?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Bado. Nakwenda sasa hivi, Ximena ananisubiri. Nina darasa saa nane. Baba, kemia ni ngumu vibaya!"

"Basi nenda ukale," alisema Normand, na akaendelea kuishika simu hata baada ya picha kuondoka, akitabasamu.