Kimya cha Mwaisha

Mwaisha wa Kinole, kijiji cha mlimani, alilea watoto saba mgongoni. Alipalilia migomba na mtoto, akateka maji na mtoto, na muda wote huo mdomo wake haukupumzika: huyu konokono, yule mjomba wako, ile mvua inakuja, tukimbie. Wote saba walisema mapema, tena kwa fujo.

Kwa hiyo mwaka 1997, binti yake Semeni, mshonaji katika kiwanda kidogo cha nguo Kihonda mjini, alipomwita akamlelee mwanawe Mansuri wa miezi minane, aliteremka mlimani bila wasiwasi.

Siku ya pili Semeni alimkuta akimwimbia mtoto kwa Kiluguru, lugha ya kwao.

"Mama, huyu naomba tumwachie Kiswahili tu. Mimi shuleni walinicheka mpaka nikaacha kunyoosha mkono."

"Na Kiswahili changu mimi kina mawe."

"Ndiyo maana, mama. Televisheni itamfundisha. Wale wanasema kilichonyooka."

Mwaisha hakubishana. Alikuwa kwa mkwe, na kwa mkwe mtu hukaa kwa adabu. Kila asubuhi aliondoa kitambaa cha kufuma juu ya televisheni, akatia kanda ya video kama alivyoelekezwa, akamkalisha Mansuri mkekani. Yeye alikaa nyuma yake, akichambua mchicha kimya kimya. Mtoto hakulia. Alipoanza kutembea, alizunguka nyuma ya televisheni kuwatafuta wale watu, kisha akarudi kukaa.

"Mjukuu wako mtulivu, bibi," majirani walisema.

Naye aliona fahari. Mara moja tu, mtoto alipomshika goti, ulimi ulimponyoka: "Unasemaje, mume wangu?" kwa Kiluguru, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake wa kiume. Akajiziba mdomo kwa kanga.

Mansuri alipofika miaka miwili na nusu bila kuita hata "mama", walimpeleka kliniki. Muuguzi alitikisa funguo nyuma ya kichwa chake, mtoto akageuka.

"Masikio mazima. Nyumbani anaongea na nani?"

"Mimi nashinda kazini," alisema Semeni. "Lakini bibi yake yupo. Na televisheni ipo."

"Bibi, huwa mnaongea?"

Mwaisha alimbeba mtoto mgongoni, akatoka.

Njiani Semeni alisimama. "Mama, mwaka na miezi yote ile, hukuwa unamwambia kitu?"

"Niliogopa kumharibia."

Semeni alijifuta uso kwa upande wa kanga. "Basi mwambie. Kwa lugha yoyote. Mwambie chochote."

Jioni ile televisheni ilibaki imefunikwa. Mwaisha alimpakata Mansuri, akaanza, kwa Kiluguru, sauti ikikwaruza kama mlango wa ghala: "Mume wangu, kule kwetu migomba imeshika mlima mzima. Mvua ikija, tunakimbia."

Mansuri aliutazama ule mdomo unaocheza. Akaugusa kwa kidole. Kisha akateremka gotini, akazunguka nyuma ya bibi yake, akachungulia.

"Niko huku," alisema Mwaisha. "Ni mimi ninayesema."

Mtoto aliinua pindo la kanga yake, akaendelea kutafuta.