Panya wa Daktari na Karanga Zangu

Jamani, acheni niseme. Miaka ile ya ruksa, mwishoni mwa themanini, nilikuwa mfagizi wa maabara moja hapa Dodoma. Daktari Chilewa aliwapandikizia panya weupe seli za saratani, kisha akawajaribia dawa. Walikonda mpaka nikawahurumia, nikawa nawapa karanga za kwetu Chamwino kila asubuhi.

Siku walipokuja wageni kukagua utafiti, Daktari alijaa furaha.

"Tazameni walivyonenepa! Dawa inafanya kazi!"

Mimi huyo, nikaingia na ufagio. "Shikamooni."

Kusikia sauti yangu, panya wote walinikimbilia, wakasimama kwa miguu ya nyuma, pua nje ya kizimba. Wageni wakaangua kicheko.

"Mama Sechelela," Daktari akauliza taratibu, "unawapa nini hawa?"

"Karanga tu, Daktari. Lakini nazikaanga kwanza."