Karatasi Tuliyoibandua kwa Heshima

Kepueli, mtoto wa mama yangu mdogo, hana kompyuta ya dukani. Aliyonayo tuliiunda wawili kibarazani kwake hapa Neiafu, kwa sanduku lililotupwa na ofisi moja ya bandarini, kumbukumbu niliyoichomoa kwenye mashine mbovu ya shule ninakofanya kazi ya ufundi, na feni iliyopiga kelele tangu siku ya kwanza. Mfumo tuliouweka ndani haukutengenezewa sanduku hilo. Ni wa zile kompyuta nyembamba za rangi ya fedha ambazo wenye mashua za matanga huzifungua hotelini wakinywa kahawa, na wenye mfumo wamesema wazi kwamba ukae kwenye mashine zao tu. Sisi tukaukalisha kwenye takataka, na nakiri nilijiona bingwa.

Sababu ilikuwa baba yake. Mzee Lisiate alifundisha kwaya ya kanisa letu miaka thelathini na moja. Alitunga nyimbo arobaini na moja, na kila wimbo aliuandika ubaoni kwa tarakimu badala ya noti, kama walimu wote wa kwaya hapa Tonga, kisha Jumatatu anafuta ubao. Nyimbo zilikaa vichwani mwa waimbaji, na waimbaji wakahamia Auckland mmoja mmoja na vichwa vyao. Sukari ilipoanza kummaliza, Kepueli akaamua kumrekodi. Mzee aliimba sauti ya kwanza, halafu ya tatu, halafu besi, na ile ya akina mama akaibana kooni huku akicheka. Programu ya kupanga sauti hizo moja juu ya nyingine tulipewa na jamaa mwenye studio, na haikubali mfumo mwingine wowote. Miaka miwili walifanya kazi hiyo. Mzee alikufa akiwa amemaliza wimbo wa mwisho, na Kepueli alikuwa ameandika kumi na tisa tu. Zilizobaki, pamoja na sauti yake yote, zilikuwa ndani ya lile sanduku.

Sasa, mashine ya namna hiyo ina masharti kuliko mganga. Kila ukiiwasha, mfumo huuliza umekaa kwenye mashine gani, na sisi tuliuandalia faili zima la majibu ya uongo. Usiache mashine ilale, haiamki. Spika za masikioni uzichomeke kabla ya kuwasha, la sivyo hutasikia kitu. Na sharti la juu kabisa, ambalo kila aliyewahi kuunda kitu hiki analijua: ikikuuliza chochote, kataa. Kila baada ya wiki kadhaa kinatokea kisanduku kusema toleo jipya la mfumo liko tayari. Ukikubali, toleo hilo linakuja na maswali mapya ambayo uongo wako hauna majibu yake. Kepueli aliandika kwa herufi nyekundu USIKUBALI CHOCHOTE akaibandika karatasi juu ya skrini. Mkewe Kalolaine aliijua, watoto waliijua, hata mchungaji aliijua.

Ilipokaribia siku ya kumkumbuka mzee, mwaka mmoja tangu azikwe, nilipita kwa Kepueli asubuhi nikamkuta anakwangua ile karatasi kwa ukucha.

"Hiyo unaipeleka wapi?" nikamuuliza.

"Shangazi anaingia leo."

"Ndiyo maana nakuuliza."

"Unataka aingie humu akute nimemwandikia asikubali chochote? Kwa wino mwekundu? Kanikosea nini?"

"Hujamwandikia yeye. Umewaandikia watu wote."

"Shangazi si watu wote, Paea."

Hapo ningebisha. Mimi ndiye fundi, mimi ndiye niliyejua. Badala yake nilishika ncha ya pili, tukaibandua pamoja isichanike.

Shangazi Latai alikuwa dada pekee wa mzee Lisiate. Na kwetu dada wa baba ndiye mkubwa wa nyumba ya kaka yake, kumpita mwenye nyumba. Akitaka nguruwe, anafungwa kamba. Akitaka mkeka, unakunjwa. Mwaka ule wa mazishi aliokota mezani diski ndogo ya nje, akaigeuzageuza, akasema, "Kakitu haka kazuri, nitawawekea wajukuu katuni." Ilikuwa nakala ya akiba ya nyimbo zote. Kepueli akamfungia kwenye kitambaa, na huko kwake Auckland ikafutwa ijae katuni.

Nilimsema wiki nzima. "Ungefanya nini wewe?" akaniuliza.

"Ningesema ni mbovu."

"Nimdanganye shangazi?"

"Mashine unaidanganya kila asubuhi."

"Mashine si dada wa baba yangu."

Akasema atanunua diski nyingine. Mwaka ukapita hajanunua, na mimi sikumkumbusha tena.

Basi shangazi akaja, na nguo zake nyeusi na mkeka wa msiba kiunoni, mkubwa mpaka unamfunika magoti. Alikula majimbi yake taratibu, akaosha mikono, akamwita Kepueli.

"Wanasema una sauti ya kaka yangu humo."

"Ninayo, shangazi."

"Unajua tangu nivunje ungo, baba yako hakulala nyumba moja nami? Nikiingia mlangoni, yeye anatokea dirishani. Mara moja alitua kwenye ndoo ya nguruwe." Alicheka, akajifuta macho. "Ndiyo heshima, sisemi vibaya. Kaka na dada hawakai pamoja. Lakini nimemsikia kanisani tu, ndani ya watu arobaini. Peke yake sijamsikia hata siku moja. Sasa amekufa, hakimbii tena. Niwekee."

Kepueli akamletea kiti chenye mto. Akafungua wimbo wa kwanza, sauti ya baba yake tupu, akamvalisha spika za masikioni kwa mikono miwili, akatoka nje na kuufunga mlango. Kwa kawaida hakuna mtu anayekaa mbele ya mashine ile bila yeye kusimama nyuma yake. Lakini mtu aliyekuja kumsikia marehemu wake hasimamiwi kama mwizi, na hilo nililikubali mimi pia. Tulikaa kibarazani tukimenya machungwa.

Haikupita robo saa, mlango ukafunguka.

"Mwanangu," shangazi akasema, "mashine yako ina adabu. Imeniomba ruhusa, nimeiruhusu. Sasa mbona wimbo umekatika?"

Chungwa lilimtoka Kepueli mkononi. Tulipoingia, skrini ilikuwa nyeusi na ufito mweupe katikati, ukijaa kidogo kidogo. Toleo la mwaka huu lilikuwa baya kuliko yote yaliyotangulia, kwa sababu halikubadilisha mfumo peke yake, lilipanga upya diski nzima, kila faili lihamishwe lilipo na kuandikwa kwa utaratibu mwingine. Kwenye mashine halali kazi hiyo huisha wakati unapika chai. Kwetu ufito ulifika nusu, ukasimama.

"Imefanya nini?" shangazi akauliza.

"Imechoka tu, shangazi," Kepueli akasema. "Nenda upumzike nawe."

Ilikuwa Alhamisi. Ijumaa ufito ulikuwa pale pale. Lakini taa ndogo ya diski mbele ya sanduku iliendelea kumetameta, ikitulia, ikimetameta tena, na hiyo taa ndiyo iliyotutesa. Pengine ndani bado kulikuwa na kazi inakwenda polepole. Pengine ilikuwa inazungukazunguka bure. Ukichomoa umeme wakati mafaili yako njiani, nusu kwa utaratibu wa zamani na nusu kwa mpya, hakuna atakayeyasoma. Ukiacha, labda unakaa kulinda maiti.

Niliandika kwenye jukwaa la mtandaoni la watu wa mchezo huu. Mmoja wa Brazili akajibu tungoje, yake ilichukua siku mbili. Mwingine wa Polandi akasema tuzime mara moja, kila dakika tunaharibu zaidi. Wa tatu akauliza ni mjinga gani aliyebonyeza Kubali. Kepueli aliisoma hiyo mara mbili, akarudisha simu kwangu.

Halafu redio ikatangaza kwamba Jumamosi saa nne asubuhi watu wa umeme watazima mtaa wetu wote mpaka saa tisa, wanabadilisha nguzo.

Nilikimbia kwenda kuomba jenereta ya kanisa, nikaipata. Nikaibeba kwa toroli mpaka mlangoni kwa Kepueli, jasho linanitoka, nikaiweka chini, na hapo ndipo akili ikanirudi. Ili uchomeke kwenye jenereta lazima kwanza uchomoe ukutani. Nilisimama nikiitazama ile jenereta ya watu, na nilitamani kuipiga teke.

"Rudisha," Kepueli akasema.

"Ngoja nifikirie."

"Tangu jana unafikiria. Rudisha, watu wanaitaka kesho."

"Basi mwambie shangazi. Afahamu, ajiandae."

"Nimwambie nini? Kwamba amemzika kaka yake mara ya pili?" Aliinama akakaa juu ya jenereta. "Sisi ndio tuliobandua karatasi, Paea. Yeye aliulizwa kwa adabu, akajibu kwa adabu."

Jumamosi asubuhi tulikaa sote wanne mbele ya ule ufito, mimi, Kepueli, Kalolaine na shangazi, ambaye alidhani tumekuja kumliwaza. Kalolaine alikuwa ameshika saa. Hakukuwa na la kufanya. Nimetengeneza kompyuta miaka kumi na tisa, na sijawahi kujiona sina maana kama asubuhi ile, mikono imekaa mapajani. Saa nne na dakika mbili feni ikanyamaza.

Umeme uliporudi, Kepueli hakutaka kuwasha. Niliwasha mimi. Skrini ikakaa nyeusi, ikawa kijivu, kisha ikatoka alama moja katikati, duara lenye mstari wa kulikata, ile ile ya barabarani ya kukataza usipite. Mfumo ulikuwa umeona umekalishwa wapi.

Shangazi alisogeza kiti. Maisha yake yote hajawahi kuambiwa hapana na mtu wa nyumba hii, na sidhani kama aliijua sura ya hapana.

"Hiyo inasema nini?"

Nilimtazama Kepueli.

"Inasema tungoje, shangazi," akasema.

Jumapili hakuna anayefanya kazi hapa, tulikwenda kanisani, na wimbo wa mzee uliotakiwa kuimbwa ulikuwa mmoja wa zile ambazo hazijaandikwa, tukaimba mwingine wa kwenye kitabu. Jumatatu niliichomoa ile diski nikaipeleka shuleni. Nikaifunga kwenye mashine moja, nyingine, na nyingine. Zote zilisema diski ni tupu na zikauliza kama niisafishe. Nilibonyeza Kataa kila mara, kwa uangalifu mkubwa, kama mtu mwenye kitu cha kulinda. Jioni niliirudisha ndani ya sanduku, maana shangazi alikuwa ameuliza mashine imepelekwa wapi.

Alikuwa arudi Auckland Jumanne. Aliahirisha. Sasa ni wiki ya tatu, na kila siku akishakunywa chai anakuja na mto wake anakaa mbele ya ile alama. Kepueli siku hizi anaamka mapema kwenda shamba la viazi vikuu ambalo halihitaji mtu, anatokea mlango wa nyuma. Kalolaine haniangalii usoni. Tumeshakuwa na siku ishirini za kusema ukweli, na kila siku ukweli umezidi kuwa mzito, kwa sababu sasa pana na uongo wa siku zote zilizopita wa kuueleza.

Jana nilipita kumletea shangazi samaki. Alinishika mkono.

"Paea, wewe ndiye fundi. Huyu mwanangu kila siku ananiambia tungoje. Mpaka lini?"

Nikasema sina hakika.

"Si kwamba nina haraka," akasema. "Ila alikuwa amemaliza ubeti wa kwanza. Akavuta pumzi aingie wa pili. Niliisikia, Paea, pumzi yenyewe, karibu kama ulivyokaa hivi. Ndipo likaja lile swali." Aliniachia mkono. "Basi nataka tu nijue alichoendelea nacho. Si muda mrefu, au vipi?"

"Si muda mrefu, shangazi," nikamwambia.

Akavaa spika za masikioni, akageukia skrini.