Jina Lililoitwa Dirishani Mwaya

Nilipokuwa bado mtoto wa kuamia ndege kwenye mpunga wetu wa Ngonga, huko Kyela, bibi yangu mzaa mama alinipa katazo moja lililonishika kuliko yote: ukiitwa jina na mtu usiyemwona uso, usiitike. Akijitokeza, vema. Asipojitokeza, jina lako libaki kwako.

Watoto wengi wa kwetu walilijua katazo hilo, ila katika nyumba nyingine lilikuwa la jioni tu, au la kandokando ya ziwa. Bibi alilishika mchana kutwa. Hata akiwa jikoni nami nikiwa uani, hakuniita kwa jina. Alikuja hadi mlangoni, akasubiri nimtazame, ndipo akasema, "Wewe, mke mwenzangu, njoo unishikie chungu."

Asubuhi moja ya masika nilikuwa peke yangu juu ya dungu. Mpunga ulikuwa umeanza kutia maziwa, na ukungu ulikuwa umetanda kutoka ziwani, hata sikuona mwisho wa shamba letu wenyewe. Nikasikia, "Bupe."

Haikuwa sauti ya kupiga kelele. Ilikuwa kama ya mtu anayeuliza njia. Ikaja tena, safari hii kutoka upande wa barabara ya Mwaya: "Bupe." Nilifunga mdomo. Ndege walishuka kwenye mpunga nikawaacha wale, kwa sababu niliona kwamba hata kupiga debe la kuwafukuza kungekuwa kujibu. Ukungu ulipoondoka, barabara ilikuwa tupu.

Nyumbani mama alikuwa ameshaliona shamba. "Ndege wamekula, na mlinzi amekaa juu kama kifuniko," alisema.

"Niliitwa," nilisema.

Bibi aliacha kupepeta. "Uliitika?"

"Hapana."

"Ulimwona?"

"Sikuona mtu."

Akaketi chini, ungo mapajani. "Ndaga fijo, mwanangu," alinishukuru, kama kwamba nimempa kitu mkononi.

"Na mpunga ulioliwa?" mama aliuliza.

"Mpunga utaota tena," bibi alijibu. Siku hiyo ndipo aliponisimulia habari za Mwaya.

Wakati wa Mjerumani, kabla ya vita, bibi alikuwa mtoto wa umri wangu. Baba yake, Ambokile, alisoma kidogo misheni, kisha akaenda kufanya kazi kwenye reli, mbali huko Tabora. Aliahidi kuleta habari. Hazikuja. Mkewe, Tusekile, alibaki na mtoto huyo mmoja, akilima na kupeleka ndizi bandarini Mwaya siku za meli.

Siku moja ya meli walikuwa wamepanga ndizi zao karibu na ofisi ya serikali. Ofisi ilikuwa na dirisha la fito, na ndani yake giza. Karani alisimama humo akisoma majina kutoka kwenye karatasi. Uso wake haukuonekana. Watu waliogopa dirisha lile, maana ndipo wanaume walipoitiwa kwenda kubeba mizigo, na wengine waliobebeshwa hawakurudi.

"Tusekile, mke wa Ambokile, wa Ngonga," sauti ilisema.

Bibi alikumbuka mkono wa mama yake ulivyombana kwenye kifundo cha mkono. Sauti ikarudia. Mwanamke wa Kikisi aliyekuwa akiuza vyungu pembeni aliinama akanong'ona, "Si wewe huyo?"

"Kina Tusekile ni wengi," mama yake bibi alijibu.

Jina likaitwa mara ya tatu. Karani akasubiri kidogo, kama mtu anayesikiliza, kisha akaendelea na mengine. Tusekile akafunga ndizi ambazo hazijauzwa, akamshika mtoto, wakarudi nyumbani kwa njia ya mpunga bila kugeuka nyuma.

"Hakuitika, wala hakuna aliyetufuata," bibi alinimalizia. "Ndiyo maana mimi nipo. Na wewe upo."

Kwangu ilikuwa habari ya kuokoka, na nililala nikijiona nami nimeokoka. Nilipofika sekondari ndipo swali lilipokuja. Likizo moja nilimuuliza: Mjerumani alimtaka mwanamke wa nini kwenye mizigo?

"Waliwashika wake ili waume wajitokeze," alisema. Jibu hilo lilikuwa na kweli yake, nikalikubali.

Habari za Ambokile mwenyewe alizisema kwa maneno mawili: alikwenda, akatusahau. Tusekile alifariki mapema, na bibi alilelewa kwa zamu katika nyumba za ndugu, leo Talatala, kesho Njisi, mtoto wa kupewa mkeka mlangoni. Kaka yangu alipozaliwa, mjomba alipendekeza aitwe Ambokile. Bibi alikataa. "Jina la mtu aliyetusahau halitakula chakula changu," alisema, na hakuna aliyelitaja tena mbele yake. Alikwenda kaburini na uchungu huo.

Baada ya maziko yake mimi ndiye niliyebaki na kazi ya kuandika ukoo wetu. Kila nilipofika kwa Ambokile mstari ulikatika. Nilipopata nafasi ya kusafiri, nilikwenda Dar es Salaam kwenye chumba cha nyaraka za zamani, kutafuta majina ya watu wa reli. Nililetewa magazeti ya Kiswahili ya wakati wa Mjerumani, karatasi zilizogeuka rangi na kumeguka pembeni. Majina ya watu wa reli sikuyapata. Niliendelea kusoma, siku ya kwanza na zilizofuata.

Mhudumu, binti mdogo, alikuwa akiniita kutoka nyuma ya rafu kila alipopata furushi jingine. Mara moja alijitokeza na furushi mkononi, akicheka. "Mama, nakuita na kukuita. Masikio umeyaacha Kyela?"

"Nilikuwa sijakuona uso," nilisema.

"Kwani naita kwa uso?"

Katika furushi hilo, ukurasa wa mwisho wa gazeti moja, palikuwa na tangazo la barua zilizolala posta bila kuchukuliwa. Zilipangwa kwa vituo. Mwishoni tangazo lilieleza kwamba wenye barua wataitwa dirishani siku za meli. Chini ya Mwaya niliona: Tusekile, mke wa Ambokile, wa Ngonga. Kutoka Tabora.

Nilimuuliza yule binti kama barua zenyewe zipo. Alilisoma tangazo, akatikisa kichwa. "Barua hizo, mama, zilichomwa, au zilipotea vita vilipoingia. Hapa tuna gazeti tu."

Nimejitahidi nisiseme zaidi ya ninachokijua. Sijui ni nani aliyeandika. Huenda ni Ambokile, huenda ni mwenzake akipeleka habari za msiba. Najua kwamba kulikuwa na mtu Tabora aliyejua mke wa Ambokile anaitwa nani na anakaa wapi, na kwamba bibi alikuwa pale, mkono umeshikwa, barua ikiwa ng'ambo ya fito. Simlaumu Tusekile. Dirisha lile lile liliwameza wengine. Na aliyeniita mimi katika ukungu simjui mpaka leo.

Mwaka huo kaka yangu alipata mjukuu wa kiume. Nilipendekeza aitwe Ambokile. Hapakuwa na mtu wa kukataa.

Kisha nilikwenda peke yangu kwenye kaburi la bibi, nyuma ya migomba. Njiani nilikuwa nimeandaa kusema, baba yako hakuwasahau. Nilipofika nikaona hilo siwezi kulithibitisha. Nilizunguka nikasimama upande wa miguuni, mbele yake, anione uso, nikasema ninaloweza kulisimamia: "Bibi, mliandikiwa."

Nilisubiri kidogo, kama karani yule alivyosubiri, kisha nikarudi nyumbani.